Sukari Iliyojificha Nyuma ya Mfungo

Sifa kwa Bwana, wapendwa! Sifa kwake tena! Mimi ni Mama Mwakio, yule fundi wa nguo wa karibu na soko la Voi. Sare za watoto wenu wengi zimepita mikononi mwangu. Leo nina neno zito, mnivumilie.

Ndugu zangu, nilipoambiwa nina sukari nililia kama aliyefiwa. Ugonjwa huo ulimla mamangu mguu kabla tumzike kule Mwatate. Hospitali wakanipa tembe na kunipangia kliniki, na siku ya kliniki ikawa Jumatano. Nanyi mnajua Jumatano yetu. Tunaanza kufunga Jumatatu jioni, hatuonji kitu mpaka Jumatano jioni tufungue pamoja. Kwa hiyo kila nilipodungwa kidole pale kliniki, tumbo lilikuwa tupu tangu juzi, na sukari inasoma vizuri. Kila mara! Nesi anafurahi, nami nafurahi. Hakuna aliyeniuliza nimekula lini.

Basi nikajua Mungu ameniponya. Nikasimama papa hapa nikashuhudia, mkapiga vigelegele. Tembe nikaziweka kando. Tukifungua mfungo, chai yangu ilikuwa tamu mpaka midomo inanata, na mahamri juu yake. Alhamisi nyama ya kukaanga, Ijumaa kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kinang'aa mafuta. Nani angenizuia? Mtu aliyepona si hula?

Halafu macho yakaanza. Uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Nikanunua miwani sokoni, nikabadilisha taa, wapi! Siku moja nikashona shati la mtoto wa shule, mfuko nikauweka mgongoni. Mamake alicheka, mimi nikaenda nyuma ya duka nikalia. Mimi ni mjane, ndugu zangu. Macho haya ndiyo mume wangu, ndiyo shamba langu. Niliogopa giza kuliko nilivyoogopa kaburi.

Nikarudi kliniki. Safari hii daktari akaagiza damu ya mkononi, wapime sukari ya miezi mitatu iliyopita, na mafuta ya damu pia. Majibu yalipotoka akavuta kiti karibu yangu.

"Mama, ile ya kidole inaonyesha ya saa hiyo tu. Hii imeona miezi mitatu yote. Sukari iko juu sana, na mafuta kwa damu pia. Hivi viwili vikishikana vinaharibu mishipa ya macho, ya moyo, ya miguu. Kwani ukikuja hapa unakuwa umekula lini?"

"Mimi huwa nimefunga, daktari. Ni maombi."

"Na dawa?"

"Niliacha. Nilikuwa nimepona."

Hakunicheka, Mungu ambariki. Alinieleza polepole mpaka nikaelewa, kisha akanianzishia dawa upya, pamoja na tembe ya mafuta.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja kwa mchungaji. Akaniambia, "Mama Mwakio, Mungu hakukutuma uache dawa. Jumatano uje tuombe, lakini uwe umekula." Aibu iliyoje, kula wenzako wakifunga! Lakini kina mama wa maombi wenyewe wakaniletea maharagwe na mchicha. "Kula bwana, hiyo njaa yako tutaibeba sisi!" Nilikula huku machozi yananidondoka kwenye sahani.

Haleluya! Kipimo cha miezi mitatu kimeshuka. Mafuta ya damu yameshuka. Jicho la kushoto halikurudi lote, sitawadanganya, lakini giza limesimama na uzi naingiza mwenyewe. Mungu ameniokoa, na ameniokoa kwa tembe mbili na sahani ya maharagwe. Jina lake lihimidiwe!

Sasa nasikia kuna mtu humu ndani aliyetupa dawa zake siku ile niliposhuhudia. Sikujui, na sitaki usimame. Ndugu yangu, Mungu unayemtumaini haogopi vipimo. Mtumaini, na umeze dawa. Jumatano asubuhi nitakuwa kwenye lango la hospitali, nimeshakula. Nakuomba uje. Tutaingia wawili.