Funguo Saba za Mama Tupokigwe

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, wajumbe wa bodi na yeyote anayehusika, kwamba funguo saba zilizofungwa kwa kamba ya kiatu zimekabidhiwa rasmi kwa Mkurugenzi, ndani ya kiboksi chenye kitambaa chekundu, mbele ya mashahidi watatu na mpiga picha. Aliyezikabidhi ni Mama Tupokigwe Mwakitalu, mhudumu wa Asasi ya Sanaa Milimani hapa Tukuyu, anayestaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi.

Aliajiriwa kufagia ukumbi na kuchemsha chai. Katika muda huo amewapitisha wakurugenzi watano, mipango mkakati minne na mabango yasiyohesabika yenye neno "jamii". Jamii yenyewe ilikuwa inapita nje, ikielekea Bulyaga, kwa sababu getini palikuwa na kibao: Hakuna Kuingia Bila Miadi.

Mali kuu ya asasi ni ngoma sita za asili. Mtaalamu mmoja alishauri zifungiwe kwenye kabati la kioo, zisiguswe, ili urithi usipotee. Mtaalamu huyo hakukaa Tukuyu hata wiki, kwa hiyo hakuziona mvua zetu. Mwezi wa tatu ngozi zililegea, wa nne zikaota ukungu. Mama Tupokigwe hakuitisha kikao. Alizitoa kwa mlango wa nyuma, akazikausha jikoni kwake, kisha akampa Erasto na kikundi chake cha wachuma chai wazipige, maana ngoma isiyopigwa inakufa. Zikawa zinatoka Ijumaa na kurudi Jumatatu. Taarifa ya mwaka ilisifu kabati.

Tukio kubwa la asasi lilikuwa Tamasha la Sauti ya Jamii, mwaka 2017. Viti mia mbili vilipangwa, fulana zikachapwa, wageni wakaja kutoka Dar es Salaam. Ilichaguliwa siku ya Jumamosi, kwa kuangalia ratiba ya ndege. Alhamisi ya wiki hiyo Mzee Lutufyo wa Isongole, mpiga ngoma aliyefundisha nusu ya wilaya, alifariki, na maziko yakawa Jumamosi ileile. Hakuna ofisini aliyejua. Wangejuaje, wakati aliyekuja kutoa taarifa aliulizwa getini kama ana miadi?

Saa nne asubuhi viti vilikuwa vitupu na kabati pia. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Boniface, alimwita mhudumu wake mbele ya wageni.

"Mama Tupo, jamii iko wapi?"

"Iko msibani, bosi. Na ngoma zimekwenda nayo."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha marehemu. Gari si lipo? Twendeni tukazike."

Wakaenda. Wageni waliukanyaga udongo wa Isongole kwa viatu vya ukumbini, wakaona watu kama mia tisa wakicheza, wakilia, wakimsindikiza fundi wao kwa ngoma sita zilizokauka vizuri. Mgeni mmoja alitokwa na machozi. Wiki iliyofuata yalitoka maandishi mawili kutoka ofisi moja: taarifa kwamba tamasha lilihudhuriwa na watu mia tisa, na barua ya onyo kwa Mama Tupokigwe kwa kutoa mali ya asasi bila idhini. Onyo hilo amelitundika jikoni, karibu na moto.

Mwaka jana asasi iliitisha warsha ya siku tatu, hotelini, kutafuta namna ya kuihudumia jamii vizuri zaidi. Yeye aliingia kumimina chai. Akasema: "Ng'oeni kile kibao, halafu muwaulize watu wanacheza lini." Akashukuriwa, akaambiwa hoja yake itahifadhiwa. Sisi wafanyakazi wenzake tunajua vinavyohifadhiwa hapa huishia kuota ukungu.

Sasa anaondoka, na Erasto amekuja mara tatu kuuliza itakuwaje. Jibu limebandikwa ukutani: kuanzia Julai Mosi, anayehitaji ukumbi au ngoma ataomba kwa barua pepe wiki mbili kabla, na ufunguo utatoka kwa Mkurugenzi peke yake. Kifo cha huku Rungwe bado hakijafundishwa kutoa taarifa wiki mbili kabla. Labda kitaandaliwa warsha.

Mama Tupokigwe, ndaga fijo, asante sana. Ulikuwa mhudumu kwenye karatasi. Kwa watu wa Bulyaga na Isongole wewe ndiye uliyekuwa asasi. Tunakuombea afya, migomba yenye mikungu mizito, na miguu mikavu msimu wa mvua. Ukisikia ngoma, njoo; hutaulizwa miadi.

Kwa kumbukumbu za ofisi: mlango wa nyuma hauna kitasa tangu mvua za 2019. Barua nne za Mama Tupokigwe za kuomba kipya ziko mezani kwa Mkurugenzi, hazijafunguliwa.