Bi Mwanarehema Aliandika Alichokiona

Baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya watoto hapa Changamwe, Bi Mwanarehema Mwidani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Kumwandikia maneno ya kumuaga nimepewa mimi Jacktone, dereva. Wenye digrii wapo, lakini nani mwingine amemtoa Mishomoroni hadi Jomvu Kuu kwenye mvua, barabara imekuwa bahari, na chai yake isimwagike? Nimeendesha malori mpaka Kigali na Juba, nimebeba na wakubwa wenye vitambi. Abiria kama huyu sijapata.

Kwa mliokuja kula pilau tu: kuna wazazi walioondolewa watoto na korti, wakaruhusiwa kuwaona mbele ya mtu wa ofisi. Mtu huyo hukaa kando, hutazama, kisha humwandikia hakimu. Hakimu akishasoma, huamua mtoto alale kwa nani.

Mwenzetu Lynnette, alipokuwa mgeni kazini, aliandika kwamba mama fulani hampendi mwanawe. Bi akamwita.

"Mwanangu, moyo wa yule mama uliupasua ukauchungulia? Wewe uliona nini?"

Lynnette akajibu kwamba mama alikuwa kwenye simu tangu alipoketi.

"Basi andika simu. Moyo mwachie Mungu."

Tulicheka ofisi nzima, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuandika "nadhani".

Lakini kazi hii si ya kucheka. Mamake Milcah alikuwa na shida ya pombe. Hakimu alishamwonya: akikosa tena kuja kumwona binti yake, mtoto atapewa shangazi moja kwa moja. Siku ikafika. Milcah, wa miaka minane, alikataa kuketi. Alisimama mlangoni, begi mgongoni, akitazama barabara. Muda ukaisha, mama hakutokea. Nilipokuja na funguo za gari, mtoto alikuwa amemshika Bi buibui.

"Nyanya, andika tu kwamba alikuja. Andika alichelewa kidogo."

Ingekuwa mimi, ningeandika mama amekuja, tena na keki. Bi akainama.

"Hilo siwezi, mwanangu. Lakini nitaandika kwamba umeniomba."

Akaandika hivyo hivyo: mama hakufika; mtoto aliomba iandikwe kwamba alifika. Hakimu aliyasoma kwa sauti, akavua miwani. Kisha akampa shangazi mtoto. Mamake, ambaye siku hiyo ya korti alikuja mapema, nywele amesuka, alilia mpaka askari wakamtoa nje.

Milcah sasa yuko sekondari, anaishi na shangazi yake Jomvu Kuu. Shikamoo kwa Bi iliishia siku ile ya korti. Akiliona gari letu, huvuka barabara. Nasi kila tukipita huko, Bi huniambia nipunguze mwendo. Hutazama: sare safi, viatu vizima, anatembea na wenzake. Kisha husema, "Twende."

Bi Mwanarehema, ofisi nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, magoti yakupe nafasi, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Nikipita Jomvu Kuu nitaendelea kupunguza mwendo. Kisha nitavuka feri, nije kwako Mtongwe nikwambie nilichokiona, bila kuongeza chumvi hata chembe.