Gazeti la Wasichana wa Mashini

Ndugu zangu, tumsifu Bwana. Wanaonijua wanashangaa kwamba nimekaa mji mmoja miaka mitatu. Hiyo ni kazi ya Bwana, si yangu.

Niliacha shule mapema. Nilifanya kazi kwenye reli, nikachoma matofali, nikapika kwa Mgiriki. Kila mahali nilitaka kujua kila kitu, na kila mahali, nikifanya kosa, nilikimbia. Ndivyo nilivyofika hapa Élisabethville, katika Kongo, nikapewa kazi ya kutia mafuta mashini katika kiwanda cha kushona nguo.

Walioshona pale ni wasichana. Mjini walisemwa kuwa wamepotea, eti kwa nini wafanye kazi kwa mzungu kabla ya kuolewa. Baadhi yao wenyewe walianza kuamini. Iliniuma. Nikawa nawauliza habari zao nikipita na chupa ya mafuta, na mwalimu wa kanisa akaniazima mashini yake ya kuchapa. Tukatoa gazeti dogo. Katika ukurasa wa mwisho, kila mara, walimsifu mwenzao mmoja. Walilisoma wakati wa chakula, na asiyejua kusoma alisomewa.

"Yaya, rudilia pale banasema niko fundi," mmoja aliniambia, maana hapa yaya ni ndugu mkubwa. "Huyu hapa hakusikia muzuri."

Siku moja karatasi ziliniishia. Nikachukua karatasi ya kaki iliyotundikwa ukutani kiwandani, nikaikata, nikachapa juu yake. Mistari iliyokuwa nyuma nilidhani ni ya zamani. Ndugu zangu, ile ilikuwa patroni, mfano wa kukatia nguo za wauguzi.

Asubuhi bwana wa kiwanda alimwambia Melania, mtunza patroni, kwamba isipoonekana kufikia jioni, aondoke. Nilisikia, nikaendelea kutia mafuta. Saa ya chakula nilibeba nguo zangu na kwenda mahali malori ya kwenda Mokambo, mpakani, yanapopakia, ili nivuke.

Pale mama mmoja muuza mihogo aliniita.

"Yaya wa gazeti, kuya hapa. Mi njo mama ya Melania. Banasema bamemuandika humu. Unisomee." Alininyoshea toleo lililopita la gazeti letu.

"Mama, lori iko inaenda."

"Iende. Kinywa yako inasemaka siku muzima, leo tu njo imechoka?"

Nikasoma: "Melania hamwachii mwenzake kosa lake. Akikosea mshono, anaufumua mwenyewe."

"Njo mutoto yangu ule," mama akasema, akikunja gazeti polepole.

Maneno yale waliyasema wasichana. Mimi niliyaandika tu. Lakini siku ile Bwana alinisomea mimi. Lori liliondoka, nami nikarudi kiwandani, nikamwambia bwana wa kiwanda, "Ni mimi niliyeikata patroni." Alinifukuza palepale. Melania alizikusanya kurasa zangu za kaki, ambazo nilikuwa bado sijazigawa, akazigeuza, akaziunganisha mezani kwa kufuata mistari, akachora patroni mpya. Alibaki na kazi yake.

Kesho yake saa ya chakula nilikaa nje ya lango na kalamu yangu.

"Weye ungali hapa?" Melania akauliza.

"Ningali."

"Basi andika. Tuko na maneno mingi."

Namshukuru Bwana aliyenitoa katika kukimbia. Na wewe unayemwachia mwenzako kosa lako, mtegemee leo, atakupa nguvu ya kurudi. Mimi ni mwoga kuliko ninyi nyote, na alinitosha.