Mtani Haachwi Chini

Kwenye kivuko cha Banjul kwenda Barra, kijana mwenye vinundu mikono yote alimgeukia mama muuza chaza aliyeketi kando yake. "Mama, kifafa kikiniangusha, nilaze ubavu tu. Vinundu na kifafa ni ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu, nimezaliwa nao. Hauambukizi." Mimi niliyesoma, niliyekaa mbele yao, nikaitikia kwa kichwa, huku nikivuta miguu yangu isimguse.

"Niambie nikiwa kule," mama akasema, akibeba ndoo yake kuhama.

"Juzi nilianguka humu humu. Watu wazima wakanitazama tu."

Mama akasita. "Wewe wa ukoo gani?"

"Jarju. Mjola."

"Mjola! Na mimi Mserere, wa kina Faye! Kumbe namkimbia mtani wangu, mtumwa wangu?"

"Mtumwa wewe, mmaliza wali wa watu!"

Mama akacheka, akarudi kukaa, bega kwa bega. "Mimi bado naona unaambukiza."

"Sasa umerudia nini?"

"Mtani wangu aanguke mbele yangu nisimshike, kwetu nitaingia na uso gani? Anguka ukitaka. Nitakulaza ubavu, halafu nitakucheka mpaka Barra."

Kivuko kikagonga gati. Mimi, niliyejua kwamba hauambukizi, nilikuwa bado nimekunja miguu.