Mwendo wa Kutembea: Maisha ya Lindsay Arthur Penhale, 1951–2024

Ndugu, jamaa, na majirani wote wa Whyalla, mimi ni Glenys, dada mdogo wa marehemu. Familia imenikabidhi wasifu huu kwa sababu, wanavyosema wao, mimi ndiye niliyezoea kumkatiza kauli. Kaka yetu hakuacha maombi mengi. Aliacha moja tu: jeneza lake lipelekwe makaburini katika kigari cha ubavuni mwa pikipiki yake mwenyewe, kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila pikipiki kushtuka hata mara moja. Ombi hilo nusura litushinde, na kwa kuwa yeye mwenyewe alilicheka, nanyi msingoje ruhusa yangu kulicheka.

Lindsay alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Moonta, mtoto wa kwanza wa marehemu Clarrie na Edna Penhale. Babu zetu walichimba shaba pale, na mama alioka pasti, zile andazi za nyama na viazi, kila Ijumaa hadi mwisho wa maisha yake. Kabla hajaanza shule, Lindsay aliifungua mashine ya mama ya kukamulia nguo, akaifunga tena yote bila kubakiza skrubu. Ilifanya kazi vizuri sana, ila ilizunguka kinyumenyume. Mama aliizoea, na hakukubali kamwe kununuliwa nyingine.

Alianza masomo Moonta, akayamalizia katika shule ya ufundi hapa Whyalla, baba alipohamia kwenye kiwanda cha kuunda meli mwaka 1962. Mwalimu wake wa historia alimwambia baba kwamba mtoto huyu anasikiliza dirisha kuliko darasa. Alisema kweli. Nje ya dirisha lile palikuwa na barabara, na Lindsay aliweza kukutajia kila pikipiki iliyopita kwa mlio wake.

Mwaka 1967 aliingia kiwanda cha chuma kama mwanagenzi wa ufundi mitambo, na huko alibaki mpaka alipostaafu mwaka 2008. Alifanya kazi kwa bidii na alilalamika kwa bidii pia. Vumbi jekundu lilimfuata nyumbani, likaingia kwenye foronya na kwenye siagi.

Alikutana na Rosslyn Kuchel mwaka 1974, binti huyo alipoleta nyumbani kwetu pikipiki ya baba yake iliyokuwa ikizima kila aliposimama njia panda. Lindsay aliinama kurekebisha kabureta, na kila alipoinuka alikuta mkono wa yule binti uko kwenye aksileta.

"We dada, ondoa mkono hapo."

"Mkono wangu unakudhuru nini?"

"Mimi haunidhuru. Pikipiki ndiyo inadanganyika. Inadhani unataka iende."

"Labda nataka iende. Nimechoka kusimama hapa na wewe."

Lindsay akaingia jikoni kwa mama, akatoka na kikombe kikubwa cha chai kilichojaa hadi ukingoni.

"Shika. Kwa mikono yote miwili, la sivyo utaungua."

"Sikuja kunywa chai mimi."

"Basi usinywe. Shika tu."

Alishika, na akainywa. Walifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1975 katika kanisa la Kilutheri, na mwaka 1979 Mungu akawajalia binti yao, Kerryn.

Baada ya kustaafu alifungua gereji yake nyuma ya nyumba. Wengi wenu mnaijua. Zama hizo pikipiki zilikuwa zimeacha kabureta, na watu walikuwa wakifunga visanduku vya umeme vya kurekebisha mafuta yanayoingia kwenye injini ili wapate nguvu zaidi. Lindsay alivipenda visanduku hivyo, lakini alikuwa na neno moja juu yake, nami nililisikia hata nikataka kulala. Kisanduku hakina macho. Hakijui aksileta imefungwa au imefunguliwa mpaka ukifundishe. Unawasha swichi bila kuwasha injini, unaiacha aksileta ifunge yenyewe kabisa, unakiambia: hapa ndipo pa kufunga. Kisha unaizungusha hadi mwisho, unakiambia: hapa ndipo pa kufungua. Basi. Lakini mtu akiwa ameegemeza mkono wakati ule wa kwanza, hata kidogo, kisanduku kinajifunza uongo. Pikipiki itapaa vizuri barabara kuu, kisha itakuaibisha kwenye mwendo wa polepole, inashtuka na kuzima.

Na wenye pikipiki hawawezi kukaa bila kuishika. Kwa hiyo kila aliyeingia gereji ile, awe kijana wa mgodini au kasisi, alipewa kikombe kilichojaa chai, cha kushikwa kwa mikono miwili. Wako hapa leo waliounguzwa vidole, nawaona wanacheka.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa Parkinson. Hakuukubali na hakuupigia kelele. Aliendelea na pikipiki yake ya kigari, na mwezi wa Aprili mwaka huu alikifunga kisanduku chake mwenyewe, akakataa msaada wa mtu yeyote. Kisha akamwita Kerryn aiendeshe, naye akaketi kigarini kujaribu safari yake ya mwisho.

Ikashtuka. Ikazima kwenye kona ya kwanza. Wakabadilisha plagi, wakasafisha chujio la hewa, wakakagua nyaya zote. Ikashtuka vilevile. Nilimwona kaka yangu amenuna kama sijawahi kumwona.

"Nitaaibika mbele ya Whyalla nzima," alisema, "na nitakuwa nimekufa, hata kujitetea siwezi."

Kerryn ndiye aliyetazama kwenye kompyuta na kuona kwamba pale kisanduku kilipofundishwa kuwa ni pa kufunga hapakuwa pa kufunga. Alijua maana yake. Alikuja jikoni, tulikokuwa mimi na Rosslyn, akasimama mlangoni.

"Mama, nitamwambiaje? Maisha yake yote amewafokea watu kwa kosa hili hili."

Rosslyn alikuwa amekwisha kujua. Siku Lindsay alipokifundisha kisanduku alimwona kwa dirisha la jikoni: mguu ulimlegea, naye akashika kilichokuwa karibu, yaani aksileta, asianguke. Alijifuta mikono, akatoka nje.

"Mzee, ni mkono wako."

Lindsay aliutazama mkono ule unaotetemeka. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Kosa lenu! Hakuna aliyenipa chai!"

Rosslyn akamletea nusu kikombe, maana kilichojaa angekimwaga, Lindsay akakishika kwa mikono yote miwili, na Kerryn akakifundisha kisanduku upya. Alasiri hiyo yeye na Kerryn walizunguka mtaa mzima kwa mwendo wa kutembea, na kikombe kingine kilichojaa kimewekwa sakafuni mwa kigari kati ya miguu yake. Halikumwagika tone. Sijawahi kumwona mtu ameridhika vile, na nilikuwepo kwenye harusi yake.

Mwishoni mwa Julai alipatwa na homa ya mapafu, akalazwa hapa mjini. Wauguzi walimtunza vyema, na familia inawashukuru kwa moyo wote. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, Rosslyn alikuwa ameketi kitandani pake, ameushika mkono wake, kama alivyofanya wiki nzima bila kuuachia. Lindsay akafumbua macho.

"Ross, nenda kachukue chai."

"Sitaki chai, Lindsay."

"Basi usinywe. Shika tu."

Rosslyn akauachia mkono, akaenda. Aliporudi na kikombe, ameshika kwa mikono yote miwili, kaka yangu alikuwa amekwisha kwenda. Rosslyn hakumwita mtu. Alikaa kando yake akainywa chai yote, kisha ndipo akatupigia simu.

Marehemu ameacha mjane, Rosslyn; binti, Kerryn, na mumewe Dean; wajukuu wawili, Tahlia na Jye; na mimi dada yake, ambaye sasa sina wa kumkatiza.

Leo Kerryn ndiye anayemleta makaburini, kwa mwendo wa kutembea, na kikombe kilichojaa kimewekwa juu ya jeneza. Kikimwagika, laumuni barabara. Baada ya maziko karibuni wote ukumbini. Kuna pasti, na kuna chai.

Lala salama, kaka. Tumeondoa mikono.