Horace Tranter, Mlinzi wa Malango Kumi na Matatu

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya kupandisha na kushusha mashua, Bwana Horace Tranter anastaafu tarehe 30 Septemba 1998. Birmingham, jishike vizuri!

Alianza mwaka 1957, mashua za makaa bado zikipita nyuma ya viwanda vya vifungo, nibu za kalamu na vitanda vya shaba. Jiji letu limekaa mgongoni mwa kilima, na mto wake ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Basi wazee wetu wakachimba mifereji, wakaweka malango ya kuzuia na kuachia maji, mashua zikapanda mlima kama watu wapandao ngazi. Mimi nimefika Venisi, ule mji wa Italia wenye mifereji, mara mbili, nikawahurumia: maji yao yanakuja yenyewe. Ya kwetu, ukiyaachia tu, yameondoka.

Ndiyo maana Horace alitukaripia miaka yote: "Funga kwanza, mwanangu, ndipo ucheke!"

Sasa sikieni. Mwaka 1989 binti yake, Gaynor, aliteremka kwa mashua kwenda kuolewa, mashua imejaa maua. Horace alitangulia kutayarisha lango la nane. Akaliona gauni kwa mbali, machozi ya furaha yakamtoka, akasahau kufunga. Maji yote yakateremka! Mashua ikakaa kwenye tope kama bata anayeatamia. Ilikuwa saa saba na nusu. Harusi ni saa nane, na kasisi alikuwa na harusi nyingine saa tisa.

"Shuka utembee, mwanangu," Horace alisihi, uso umemwiva.

"Thubutu! Binti wa Tranter apite kando ya mfereji kwa miguu? Yalete maji, Baba!"

Sisi wageni tukapanda mbio na suti zetu, tukafungulia maji ya malango ya juu, moja baada ya jingine (mimi peke yangu manne, na wala sijisifu). Maji yakaja, mashua ikainuka, tukaingia kanisani saa nane na robo, matope hadi magotini.

Ikafika zamu ya kitabu cha ndoa. Kasisi akauliza kazi ya baba wa bibi harusi.

"Andika mzembe," Horace alinong'ona.

"Andika mlinzi wa malango," Gaynor akadakia, "tena kwa herufi kubwa!"

Kanisa zima likapiga makofi, na kasisi akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Ahsante, Horace, kwa kila tone ulilotutunzia. Kale samaki na chipsi zako na mkeo Beryl bila kutazama saa. Tunakuombea miaka mingi, mitamu, yenye vicheko hata kabla ya kufunga.