Ubatizo wa Kuria

Kwenye foleni ya basi pale Westlands, mama aliyebeba sukuma wiki alimuuliza Nzula kama anaenda harusini, maana alikuwa amependeza.

"Naenda ubatizo wa Kuria," Nzula akajibu. "Ndiye dereva mlevi aliyemgonga mtoto wangu akafa."

"Huyo naye wanambatiza? Wokovu si wa kila mtu, mama."

"Hata mimi nilitaka iwe hivyo. Nimeomba mwaka mzima akataliwe. Lakini Yesu hakuniuliza nani aingie."

"Kwa hivyo umemsamehe?"

"Bado. Naenda tu hivyo hivyo."

Mama alihamishia sukuma wiki mkono mwingine, akampisha mbele yake kwenye foleni. Basi liliposimama, Nzula alipanda wa kwanza.